Jua la utosini: kupiga picha za kupatwa kwa jua Luxor, 2 Agosti 2027

Tatizo la kwanza la Luxor, Misri, ni shingo. Jua litakapofunikwa pale litakuwa nyuzi 82 juu ya upeo wa macho, karibu utosini kabisa, na hapo traipodi nyingi hugoma, vichwa vya traipodi hugoma, na mwenye kamera naye hugoma. Miongozo mingi iliyosambaa mtandaoni iliandikwa kwa ajili ya Marekani, 2017 na 2024, ambako jua lilikuwa limeinama kiasi cha mtu kuelekeza lenzi na kuchungulia bila kujipinda. Ukiibeba ilivyo hadi Misri itakuangusha.

Kwanza ramani, kwa ufupi. Jumatatu ya tarehe 2 Agosti 2027 kivuli cha mwezi kitaanzia Atlantiki, kipite kusini mwa Hispania, Morocco, Algeria, Tunisia, Libya na Misri, kivuke Bahari ya Shamu kuingia Saudia na Yemen, kiguse pembe ya kaskazini-mashariki ya Somalia, kisha kiishilie Bahari ya Hindi. Cádiz watapata giza la dakika 3 hivi, Tangier karibu 5, Makka zaidi ya 5 kidogo, Jeddah karibu 6. Luxor ni dakika 6 na sekunde 20 hivi. Kilele chenyewe, dakika 6 na sekunde 23, kiko jangwani kusini-mashariki mwa mji huo, na mpaka karne hii iishe hakuna kupatwa kwingine kutakakofikia urefu huo. Ukanda wa giza una upana wa kilomita 258. Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi na Muscat ziko nje yake: huko jua litamegwa tu, na jua lililomegwa, hata likibaki ukucha, si la kutazama kwa macho makavu.

Wazee wa Loiyangalani wana haki ya kudai udugu na kupatwa huku. Tarehe 30 Juni 1973 kivuli kilipita Ziwa Turkana, na kwa mzunguko wa Saros, yaani miaka 18, siku 11 na saa 8 hivi, ukoo ule ule ulirudi 1991, ukarudi tena 2009. Zile saa 8 ndizo zinazosogeza ukanda theluthi moja ya dunia kila mara. Zikijumlishwa mara tatu dunia inakuwa imezunguka na kurudi upande ule ule. Kwa hiyo kupatwa kwa 2027 ni kitukuu cha kule kwa Turkana, kimezaliwa kaskazini kidogo.

Sasa saa. Majedwali ya wanaanga huandikwa kwa saa za dunia, UT. Luxor giza linaanza mnamo 10:02 UT. Misri wakati wa kiangazi iko mbele kwa saa 3, sawa na Jeddah, Nairobi na Dar es Salaam, kwa hiyo ni 13:02, na kwa hesabu yetu saa 7 na dakika 2 mchana. Ziandike zote tatu kwenye karatasi moja kabla ya safari. Ukiiambia programu ya kamera “saa 7 na dakika 2” nayo ikaelewa 07:02, itamaliza kazi yake asubuhi wakati unakunywa chai. Pata pia nyakati kamili za pale utakaposimama, kwa GPS, kwa sababu kusogea kilomita chache kunabadili sekunde, na sekunde ndizo zinazokuambia lini uvue filta.

Miguso ni minne, na nitaitaja kwa namba. Mguso wa kwanza mwezi unaanza kumega jua. Wa pili giza linaingia, saa 1 na dakika 20 hivi baadaye. Wa tatu giza linakwisha. Wa nne mwezi unaachia kabisa.

Kuelekeza kamera juu

Kichwa cha traipodi cha mpira, yaani chenye tufe linalozunguka ndani, kina mtaro mmoja ubavuni wa kulazia kamera. Lenzi ndefu ikilazwa humo uzito wote unatoka nje ya miguu mitatu, na traipodi nyepesi inapinduka, au mbaya zaidi, inateleza polepole bila wewe kuona. Kichwa chenye mikono ya kuinamisha huinama sana upande mmoja na kidogo upande wa pili: funga kamera kinyume, lenzi ikitazama upande wa mkono, upate nyuzi zote unazohitaji. Kinachofanya kazi vizuri kuliko vyote ni kichwa cha gimbali, kile cha wapiga picha wa ndege na wanyama mbugani, maana lenzi inaning’inia katikati ya uzito wake na kupanda hadi utosini bila kugombana na miguu. Hakikisha tu sehemu ya nyuma ya kamera haigusi guzo la katikati ikifika nyuzi 80 na kitu.

Kioo cha nyuma kinachokunjuka ni lazima. Bila hicho utalala chali mchangani, na huko Agosti mchanga wa adhuhuri haulaliki. Kamera isiyo na kioo cha kukunjuka inaweza kuunganishwa na skrini ndogo ya nje au simu, lakini jaribu mapema kama kuna kitu utakachokiona kwenye mwanga ule. Boksi la kadibodi lililopakwa rangi nyeusi ndani, lenye tundu la kuchungulia, husaidia kuliko skrini ya bei kubwa.

Lenzi za zumu zikisimamishwa wima hurudi ndani zenyewe kwa uzito: unaanza na milimita 600, dakika 20 baadaye una 480, na fokasi imekwenda nayo. Zifunge kwa tepu ya karatasi, pete ya zumu na pete ya fokasi pia.

Anayeishi Afrika Mashariki ana bahati moja ambayo Mzungu hana: jua la utosini analo kwao. Dar es Salaam, adhuhuri ya wiki ya nne ya Machi au siku za kwanza za Novemba, jua liko karibu nyuzi 82. Nairobi ni wiki ya kwanza ya Aprili au ya Septemba. Siku hizo weka filta, simamisha vifaa vyote juani, na uigize zoezi zima kwa saa inayokwenda, dakika 6 na sekunde 20, ukivua filta ya uongo na kuirudisha. (Kipande cha karatasi nyeupe mbele ya filta halisi kinatosha kuwa filta ya uongo. Ile halisi isivuke.) Kasoro utakazozikuta hapo, kama mguu unaozuia lenzi au waya mfupi wa rimoti, ndizo zile zile ambazo zingekukuta Misri.

Jua halisimami

Jua husogea upana wake mmoja angani kila dakika 2 na kidogo. Katika dakika 6 na sekunde 20 linakwenda upana wake karibu mara tatu. Kwa lenzi ya milimita 600 huo ni mwendo wa milimita 16 hivi juu ya sensa, kile kibao cha kamera kinachopokea mwanga, na sensa kubwa ina kimo cha milimita 24 tu. Asiye na mashine ya kufuata jua aliweke upande linakotoka, aliache litembee, na alirudishe mara mbili, mnamo dakika ya 2 na ya 4. Usijaribu kulifuata muda wote. Kila ukigusa traipodi inatikisika kwa sekunde kadhaa, na picha za wakati huo ni za kutupa.

Kuna jambo ambalo wengi hawalitarajii. Karibu na utosi jua hubadili upande wa dira haraka sana. Giza linaanza jua likiwa kusini, limepita adhuhuri ya kweli kwa dakika 6 hivi, na mpaka giza liishe litakuwa limeelekea magharibi kwa nyuzi nyingine 10 na kitu. Kwenye traipodi ya kawaida hii inamaanisha taji la jua, ule mwanga mweupe unaouzunguka mwezi wakati wa giza, linazunguka ndani ya fremu kwa nyuzi 10 hivi kutoka picha ya kwanza hadi ya mwisho. Ukija kuunganisha picha nyumbani na programu haiwezi kuzungusha, utapata taji lenye ukungu, uanze kuilaumu fokasi bure.

Mashine ya kufuata jua inamaliza yote mawili, kama imepangwa sawasawa na mhimili wa dunia. Mchana huna nyota ya kupangia, kwa hiyo ipange usiku wa kuamkia siku hiyo kwa nyota ya kaskazini, ambayo Luxor iko chini, nyuzi 26 hivi tu juu ya upeo. Chora mahali miguu ilipokanyaga, kisha usiiguse. Kama hoteli haikuruhusu kuacha vitu uani, mashine ikipangwa kwa dira na kipima mwinamo itatosha kwa dakika 6, mradi usiidai sekunde nyingi kwa picha moja.

Bila mashine, kanuni ya zamani ni 340 gawa kwa urefu wa lenzi: milimita 500 inakupa sekunde 0.7 kabla ya mwendo kuonekana. Kanuni hiyo ni ya enzi ya filamu. Kwa sensa za leo zenye pikseli ndogo, mimi ningeishia robo sekunde, na picha za sekunde nzima nizipige kwa ajili ya taji la nje tu, ambalo kwa asili yake ni laini na halilalamiki.

Lenzi gani

Gawa urefu wa lenzi kwa 109, upate upana wa jua kwenye sensa kwa milimita. Lenzi ya 200 inatoa jua la milimita 1.8, la 500 milimita 4.6, la 1000 milimita 9.2. Watu hukimbilia lenzi ndefu kwa sababu jua wanaloliona mazoezini kupitia filta ni duara tupu. Wakati wa giza duara hilo linavaa taji linalotoka nje yake mara mbili, tatu na zaidi kila upande, na lenzi ya 1000 inalikata. Milimita 400 hadi 600 kwa sensa kubwa, 300 hadi 400 kwa sensa ndogo, zinatosha sana, na bado zinakubali kosa dogo la kuelekeza.

Filta

Filta ya jua inakaa mbele ya lenzi, haikai nyuma. Zile ndogo za kufungwa kwenye kijicho cha darubini hupokea joto lililokwisha kukusanywa na hupasuka jicho likiwa pale. Kipimo cha ND 5 kinapunguza mwanga mara 100,000 na kinafaa kwa kamera na kwa jicho. Ile ya ND 3.8 ni ya kamera pekee, usichungulie nayo kwa kioo cha macho. Miwani ya kupatwa kwa jua yenye alama ya ISO 12312-2 ni ya macho matupu: ukiivaa ukachungulia lenzi isiyo na filta, lenzi itaitoboa. Kioo cha kuchomelea namba 14 kinafaa. Filamu ya eksirei, CD, kioo cha moshi na beseni la maji havifai, hata kama mtaani kwenu vimetumika miaka yote. Retina haina maumivu, mtu hugundua baadaye.

Filta ya kujitengenezea kwa karatasi ya Baader AstroSolar ni nafuu na inatoa picha kali. Pima upana wa nje wa kofia ya lenzi (ile pete ya mbele ya kuzuia mwanga wa pembeni, si kifuniko), tuseme milimita 95. Kata pete mbili za manila ngumu, tundu la ndani milimita 90, ukingo wa nje 130. Bandika tepu ya pande mbili kwenye pete moja, ilaze juu ya karatasi ya filta iliyotandazwa mezani, kisha funika kwa pete ya pili. Usiivute karatasi ikakaza kama ngoma: makunyanzi hayaharibu picha, kukaza ndiko kunakoharibu. Zungushia kofia ya lenzi ukanda wa manila wa sentimita 4, mizunguko miwili au mitatu, uugundishe kwenye pete. Inatakiwa itoke kwa vidole viwili na isitoke kwa upepo. Ongeza vipande viwili vya tepu ya karatasi, ncha zake zimekunjwa ili zishikike haraka. Kila siku kabla ya kuitumia ielekeze kwenye taa kali utafute vitundu. Luxor angalau uzito unakusaidia: lenzi ikitazama juu, filta inakaa yenyewe.

Filta ya kuzungusha kwa nyuzi za skrubu sipendi. Ukiifungua unaisukuma lenzi, na mara nyingi pete ya fokasi inazunguka pamoja nayo. Kwa joto la kule hukwama kabisa.

Kosa kubwa kuliko yote ya siku hiyo ni kusahau kuvua filta giza linapoingia, ukapiga picha 300 nyeusi. La pili ni kusahau kuirudisha baada ya mguso wa tatu, jua likala shata na sensa. Mtu hawezi kutegemea kumbukumbu yake pale, kwa sababu watu watapiga kelele na nywele zitasimama. Tumia sauti: rekodi yako mwenyewe kwenye simu ikihesabu, “vua filta” sekunde 15 kabla ya mguso wa pili, “rudisha filta” sekunde 15 baada ya wa tatu.

Fokasi

Zima oto fokasi. Zima kitulizi cha mtikisiko pia, maana juu ya traipodi hukitafuta kisichokuwepo. Kuza picha kwenye kioo cha nyuma mara 10, tafuta madoa ya jua au ukingo wake, funga kwa tepu. Tena, dakika 10 kabla ya giza, rudia kwa kutumia ncha mbili za ule mwezi mchanga wa jua: ncha zikiwa kali kama sindano, umefika. Kurudia huku kuna sababu. Adhuhuri ya Agosti Luxor ni kawaida kufika nyuzi joto 41, na jua likififia hewa inapoa kwa nyuzi kadhaa ndani ya nusu saa. Mabomba ya chuma ya lenzi husinyaa, fokasi inahama. Anayefokasi saa 5 na nusu asubuhi na kuacha hivyo hupata taji laini.

Watengenezaji wengi wa kamera huandika mwisho wa kazi ni nyuzi joto 40. Kamera nyeusi juani inapita hapo mapema sana, na nyingine hujizima zenyewe. Ifunike kwa kitambaa cheupe, kanzu kuukuu ni nzuri sana, au foili ya jikoni, na uifunue inapohitajika. Usirekodi video ya saa nzima ya kumegwa kwa kamera hiyo hiyo. Simu nayo hujizima kwa joto, na kama ndiyo yenye rekodi yako ya kuhesabu, iweke kivulini.

Kiasi cha mwanga

Kwa tundu f/8 na ISO (wepesi wa sensa kuhisi mwanga) 100, anga ikiwa safi:

Jua lililomegwa, filta ND 5: 1/400 ya sekunde
Shanga za Baily, nukta za mwisho za jua ukingoni mwa mwezi: 1/3200
Kromosfia, ule uzi mwekundu: 1/1600
Ndimi nyekundu ukingoni: 1/800
Taji la ndani: kati ya 1/200 na 1/50
Taji, nusu ya rediasi ya jua kutoka ukingoni: 1/13
Taji, rediasi moja: 1/3
Taji, rediasi mbili: sekunde 0.6
Taji la nje na uso wa mwezi: sekunde 1 na kuendelea

Ukibadili tundu au ISO, badilisha kwa uwiano: f/5.6 inahitaji nusu ya muda, ISO 200 nusu nyingine. Hakuna namba moja iliyo sahihi kwa taji lote. Sehemu ya ndani ina mwanga mara mamia kuliko ya nje, ndiyo maana jicho linaona nyuzi nyuzi ambazo picha moja haizioni. Dawa yake ni mfululizo wa spidi. Kamera nyingi hukubali picha 5 kwa hatua 2 (kila hatua ni mwanga mara mbili): anzia 1/1000, 1/250, 1/60, 1/15, 1/4, kisha ongeza moja ya sekunde 1 kwa mkono. Hizo sita zinatosha. Wengine hupanga 12 kwa hatua moja moja, sawa, mradi memori kadi iweze. Faili ghafi ni kubwa, kadi ya polepole ikijaza akiba ya kamera, kamera inaganda hadi imalize kuandika, na huwezi kuiharakisha. Pima nyumbani mfululizo mmoja unachukua sekunde ngapi mpaka taa ya kadi izime.

Utaratibu ambao ningeufuata kwa Luxor ni huu. Dakika 10 kabla, badilisha betri na kadi hata kama hazijaisha, angalia fokasi, angalia jua liko upande linakotoka. Dakika 1 kabla, weka 1/3200 na mfululizo wa haraka. Sekunde 15 kabla, vua filta. Pete ya almasi, yaani nukta moja kali ya jua kwenye duara la mwanga, kisha shanga, kisha uzi mwekundu, vyote vinapita kwa muda mfupi: shikilia kitufe kwa vipande vya sekunde moja moja, usikibane moja kwa moja akiba ikajaa. Uzi ukitoweka, mfululizo wa kwanza wa taji. Sogeza jua. Acha kamera. Dakika ya 3 mfululizo wa pili, pamoja na picha mbili ndefu kwa ajili ya uso wa mwezi, ambao utaonekana kwa mwanga uliotoka duniani. Sogeza. Acha tena. Dakika ya 5 na nusu mfululizo wa tatu, kisha rudi 1/3200, ungoje ukingo wa magharibi ung’ae.

Kati ya hapo una karibu dakika 3 mikono mitupu, na hizo zitumie kutazama bila miwani. Miwani inavuliwa shanga ya mwisho ikizimika, inavaliwa ya kwanza ikiwaka. Zunguka mwili wako wote: upeo utakuwa na rangi ya magharibi pande zote. Kama una darubini ya mkononi isiyo na filta, huo ndio wakati wake pekee, nayo iwekwe chini dakika nzima kabla ya mwisho.

Programu za kompyuta zinazoendesha kamera zote hizi kwa sekunde zipo na ni nzuri. Tatizo ni kompyuta yenyewe juani: skrini haionekani, feni inalia, waya wa USB unachomoka. Rimoti yenye saa inatosha kwa wengi.

Kwa atakayekuwa Jeddah au Makka kuna sababu nyingine ya kutaka kamera ijiendeshe. Swala ya kupatwa kwa jua, Kusufi, huswaliwa wakati huo huo, rakaa mbili zenye rukuu mbili kila moja, na sunna yake ni kurefushwa. Anayetaka kuswali na jamaa apange rimoti ipige mfululizo kila dakika, akubali jua litatembea ndani ya fremu, na achague lenzi fupi, 200 au 300, lisitoke. Kilichobaki ni filta ya mguso wa tatu. Apatikane mtu wa kuirudisha, au kamera iachwe bila kupangwa kupita hapo na ifunikwe kwa kifuniko mapema.

Jua na ardhi katika picha moja

Kwa nyuzi 82 picha ya taji juu ya hekalu ni ngumu, na picha nyingi utakazoziona baadaye zitakuwa zimeunganishwa. Kwa kamera moja inawezekana hivi: lenzi ya milimita 14 kwenye sensa kubwa, ikisimamishwa wima, inaona nyuzi 104 kutoka chini hadi juu. Ielekeze nyuzi 45, utapata miguu ya watu chini na jua karibu na ukingo wa juu. Jua lenyewe litakuwa nukta ya milimita 0.13. Lenzi pana ya simu inakaribia hapo hapo.

Njia ya pili ni kitu kirefu na kusimama chini yake. Mnara wa mawe wa Hatshepsut pale Karnak una mita 29 hivi. Ili ncha yake iguse jua la nyuzi 82 unatakiwa uwe mita 4 tu kutoka mhimili wake, upande wa kaskazini ukielekea mashariki kidogo, kamera ikiwa chini kabisa. Ni hesabu ya kuchora ardhini siku moja kabla, saa ile ile. Ulizia kwanza ruhusa ya traipodi, maana kwenye maeneo ya kale ya Misri haiachwi hivi hivi. Droni usibebe kabisa: bila kibali haziruhusiwi nchini, na huishia forodhani.

Simu ina kazi moja inayoifanya kuliko kamera kubwa: iegemeze kwenye jiwe, ielekee watu badala ya jua, video, dakika 2 kabla hadi dakika 2 baada. Sauti ndiyo mali. Kabla ya hapo ipige vimwezi vya jua chini ya mti wenye majani, au tundika chekeche la jikoni juu ya shuka jeupe: kila tundu linachora jua lililomegwa. Utosini vimwezi hivyo vinaanguka karibu wima, vinakuwa na umbo safi bila kurefuka.

Mawingu Luxor mwezi wa Agosti ni nadra mno, ndiyo sababu kubwa ya kuchagua huko kuliko Hispania au pwani za kaskazini. Vumbi ni habari nyingine. Tarehe 3 Novemba 2013 waliosafiri hadi Sibiloi, Turkana, kwa ajili ya giza la sekunde chache walikutana na dhoruba ya vumbi na mawingu dakika za mwisho, wakati Pakwach nchini Uganda watu waliona. Beba brashi laini na pampu ya hewa, maana lenzi inayotazama juu ni sahani ya kukusanyia mchanga, na ukiifuta kwa kitambaa unaikwaruza.

Baada ya mguso wa tatu, filta ikisharudi, usifungashe. Funika lenzi kwa kifuniko chake na upige picha 10 nyeusi kwa kila spidi ndefu uliyotumia, kamera ikiwa bado na joto lile lile. Kisha tandaza kitambaa cheupe mbele ya lenzi, bila kugusa fokasi, upige 10 nyingine za kusafishia vivuli vya vumbi. Nyumbani utakapoziunganisha, zilinganishe kwa nyuzi za taji wala si kwa ukingo wa mwezi: katika zile dakika 6 mwezi ulikuwa unatembea mbele ya jua, na anayelinganisha kwa mwezi hufuta taji lake mwenyewe. Nakili kadi mara mbili kabla ya kupanda gari. Barabara ya kutoka itakuwa imejaa, kwa hiyo muda utakuwa nao.